Boti ndogo ya faiba: anza na ubao wa tezi, rangi baadaye

Boti kuukuu ya faiba ya mita tatu na nusu, ikishapigwa rangi, huonekana mpya. Kabla ya kuipeleka bwawa la Nyumba ya Mungu, igonge ubao wa tezi, yaani pale injini inapofungwa, kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni mzima. Mlio mzito kama wa boga bichi maana yake mbao iliyofichwa kati ya ngozi mbili za faiba imeoza. Hakikisha kwa kutoboa tundu la milimita 5 upande wa ndani: vumbi likitoka jeusi na lenye unyevu, hakuna ubishi. Injini ya farasi 15 ina kilo 35 na ushei, na ikivuta kwa nguvu ubao huo hung'oka.

Chanzo karibu kila mara ni tundu la skrubu au bolti lililotobolewa bila kuzibwa kingo zake. Faiba haiozi, mbao iliyo ndani ndiyo huoza.

Kata ngozi ya ndani kwa grenda, ukiacha ukingo wa sentimita 5 pande zote. Ngozi ya nje usiiguse, maana ndiyo kalibu yako. Chokonoa mbao kwa patasi, kisha acha pakauke siku kadhaa. Kazi hii ya Machi hadi Mei inachosha bure: unyevu wa masika ukibaki chini ya rezini, yaani gundi ya maji ya poliesta inayoshika faiba, faiba mpya itabanduka. Piga msasa namba 40 mpaka mng'ao uishe, futa kwa asetoni, na vaa barakoa ya maana. Vumbi la faiba si la kuzibia kitambaa.

Sasa mbao, na hapa wengi huingizwa mkenge. "Marini bodi" ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ile yenye uso mweusi au wa kahawia unaoteleza, ni ya kumwagia zege. Rezini haishiki kwenye ule uso, na ndani mara nyingi mna mapengo. Ukikosa plaiwudi halisi ya boti, tafuta ya gundi isiyoyeyuka majini, isiyo na uso wa plastiki, na uchungulie kingo zake. Chukua vipande viwili vya milimita 18, uchore umbo kwa boksi kwanza. Vipake rezini pande zote, hasa kwenye kingo, kabla ya kuvibandika.

Juu ya mbao huja mati, yaani shuka la nyuzi za faiba. Kwa ubao wa mita 1.2 kwa nusu mita, tabaka nne za mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba ni kama kilo 1.1 ya mati. Mati hunywa rezini mara mbili na nusu ya uzito wake. Ukijumlisha ya kupaka mbao na ya kumwagika, nunua kilo 5. Pembe ya ndani ijaze pati kwanza na uiviringishe kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu mati haikai kwenye pembe kali, na hewa hubaki humo. Kila tabaka ivuke ya chini yake kwa sentimita 5. Usiweke zote nne kwa mkupuo: rezini nene huchemka, hupasuka, na kopo linaweza kutoa moshi.

Hadina, dawa ya kugandisha rezini, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Mchana wa Februari Moshi weka 1. Arusha mwezi Julai weka 2, na uanze saa tano jua likishapanda. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, na vaa miwani, kwani tone moja jichoni linaweza kupofusha. Ukiuziwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kando, ichanganye na rezini kwanza mpaka ikolee, ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka.

Vya kuelea: povu jeupe la boksi za televisheni huyeyushwa na rezini hii, kwa hiyo lisikutane nayo mbichi. Chupa 70 za lita moja na nusu, zilizokazwa vifuniko na kufungiwa chini ya viti, hubeba kama kilo 100. Ni ushamba, lakini hazinywi maji.

Boti za Wamarekani za kuwindia bata zina mawili ya kuiga hata kama wewe ni wa perege au wa kutazama ndege tu: rangi ya matope isiyong'aa, na vishikizo vya kuchomekea matete ubavuni. (Kuwinda ndege pori kwetu ni kwa kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.) Kila kishikizo kwa bolti ya milimita 8: toboa 12, jaza rezini iliyofanywa nzito, ikikauka toboa tena 8. Usiruke hatua hii hata kwa ndoano ya kutundikia taa.

Mwisho, inua omo, yaani mbele ya boti, juu ya matofali, mimina ndoo tatu za lita 20 upande wa tezi, tandaza magazeti makavu chini yake, na uiache mpaka asubuhi. Magazeti yakilowa, panavuja.