Kasoro ya fedha katika ruzuku ya umma ni nini?

Kasoro ya fedha ni kupokea au kutumia fedha za umma kinyume na sheria, kanuni au masharti ya ruzuku yenyewe, hata kama hakuna aliyetia shilingi mfukoni. Nia haiangaliwi kwanza. Ikithibitika kwamba mtu alikusudia kudanganya, kasoro inageuka kuwa udanganyifu, na hapo mkondo wake ni mwingine kabisa.

Chukua ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi Tanzania Bara chini ya elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016. Kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, 6,000 za kwenda akaunti ya shule. Kwa hesabu hiyo shule ya wanafunzi 600 inapata 3,600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Ikiendelea kuwataja 40 waliohama, inapokea 20,000 ya ziada kila mwezi. Kiasi hicho hakimshtui mtu, ndiyo maana wanafunzi hewa hudumu. Takwimu zilinganishwe na rejista za mahudhurio, si daftari la uandikishaji, kwa kuwa aliyehama huchelewa kufutwa humo.

Upande wa matumizi, kinachojitokeza sana ni hati pungufu. Malipo yaliyokamilika yana muhtasari wa kamati ya shule, hati ya malipo iliyosainiwa, ankara, hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Kisha mzigo unaingizwa kwenye leja ya stoo. Leja ndiyo husahaulika. Chaki zimeisha ubaoni, lakini mkaguzi hana pa kuziona. Halafu kuna kukopa fungu: fedha za ukarabati zinalipia mitihani, "tutarudisha mwezi ujao", na mwezi ujao ruzuku inachelewa.

Kasoro ikigundulika, simamisha malipo yanayohusiana nayo, hifadhi nyaraka zilivyo, na mjulishe mkurugenzi wa halmashauri kwa maandishi. Usitengeneze muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, wala usirudishe tarehe nyuma. Wengi huponzwa hapa: kosa la kutunza kumbukumbu, ambalo lingeisha kwa maelezo, linakuwa kughushi. Hati iliyopotea itafutiwe nakala kwa muuzaji, naye aigonge muhuri. Fedha zilizolipwa zaidi zirejeshwe, na ushahidi wa kuziweka benki uambatishwe kwenye jibu kwa mkaguzi.

Mkaguzi asiporidhika, suala linakuwa hoja ya ukaguzi. Hufungwa kwa ushahidi uliohakikiwa, si kwa ahadi. Isipofungwa hufuatiliwa tena katika ukaguzi unaofuata. Panapokuwa na dalili za udanganyifu, Sheria ya Ukaguzi wa Umma inamtaka CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, avijulishe vyombo vya uchunguzi, kama TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kurudisha fedha wakati huo hakufuti kosa.