DJ-prodyuza wa tekno: maana ya kazi hii kupitia maisha ya Jeff Mills

Katika muziki wa tekno, DJ na prodyuza mara nyingi ni mtu mmoja. Siku za kazi yumo studio akitengeneza muziki kwa mashine. Mwisho wa wiki yuko mbele ya watu, anapiga muziki wake na wa wenzake kwa saa mbili, nne, pengine hadi kunapambazuka. Hana mwimbaji wa kumtengenezea biti wala bendi ya kuisimamia. Muziki wote umo mikononi mwake, tangu mlio wa kwanza anaousaka kwenye mashine hadi dakika unapowafikia wachezaji. Huyo ndiye DJ-prodyuza, na sijaona mfano unaomweleza vizuri kuliko Jeff Mills wa Detroit, kwa kuwa maisha yake yamepita karibu kila kona ya kazi hii.

Kwanza tekno yenyewe. Ni muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa vyombo vya kielektroniki, wenye mapigo manne yaliyolingana katika kila kipimo (mzunguko mfupi wa mapigo unaojirudia), kasi ya takriban mapigo 120 hadi 150 kwa dakika, na maneno machache au hakuna kabisa. Wengi hudhani ulizaliwa Ujerumani. Sivyo. Waanzilishi wake ni vijana Weusi wa jimbo la Michigan, Marekani: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Walikua wakimsikiliza mtangazaji wa redio aliyejiita Electrifying Mojo, ambaye hakuona tabu kupiga fanki ya bendi ya Parliament, Prince na kundi la Kraftwerk la Ujerumani katika usiku mmoja. Mwaka 1981 Atkins na Rik Davis, wakijiita Cybotron, walitoa "Alleys of Your Mind". Mwaka 1985 Atkins alianzisha lebo yake, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki, Metroplex, na kutoa "No UFOs" kwa jina la Model 500. Jina la tekno lilivuka bahari mwaka 1988, mkusanyiko wa nyimbo za Detroit ulipotolewa Uingereza.

Mills, aliyezaliwa Detroit mwaka 1963, hakuanzia studio. Alianzia redioni katika miaka ya 1980, akijulikana kwa jina la The Wizard, kwenye vituo vya WDRQ na WJLB. Sifa yake ilikuwa kasi: anaweka santuri, anachukua kipande kinachomfaa, anaitoa, tayari nyingine iko hewani. Hip hop, elektro, muziki wa Ulaya, vyote vilipita. Hatua hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu huko ndiko sikio la DJ linakochongwa. Mtu anayepiga muziki wa wengine kila wiki hujua ni sekunde ipi watu wanashtuka, ni wapi wanachoka, na ni kitu gani hakipo sokoni. Siku moja anaamua kukitengeneza mwenyewe.

Kilichomwezesha kukitengeneza ni mashine ambazo matajiri wa muziki hawakuzitaka. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-909 mwaka 1983. Haikufanya vizuri sokoni, kwa kuwa wanamuziki wengi walitaka milio inayofanana na ngoma halisi, na uzalishaji wake ulisimama mapema baada ya kutengenezwa takriban mashine 10,000 tu. Zilizotumika zikauzwa kwa bei rahisi, na vijana wa Detroit na Chicago wakazinunua. Mashine ina vitufe 16, kila kimoja kikishika sehemu moja ya kumi na sita ya kipimo. Unabonyeza pale unapotaka ngoma ilie, mzunguko unajirudia, na wewe unaongeza au kupunguza huku ukisikiliza. Mills anaipiga 909 jukwaani kwa vidole, bila kuandaa mzunguko kabla, kama mpiga ngoma anavyopiga ngoma yake. Sauti ile ya ngoma ya besi unayoisikia katika nyimbo nyingi za tekno, chanzo chake ni mashine hiyo au nakala zake.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, yaani namna kazi mbili zinavyoshikana. DJ wa tekno hapigi wimbo ukaisha kisha akaweka mwingine. Ana mashine mbili za santuri, na kwa miongo mingi zilikuwa Technics SL-1200, zenye kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Wimbo mmoja unasikika ukumbini. Wa pili anausikia yeye peke yake kwenye hedifoni. Anarekebisha kasi ya huo wa pili mpaka ngoma za besi ziangukie mahali pamoja, kisha anauingiza taratibu kupitia miksa, kifaa cha kuchanganyia sauti, akipunguza besi ya wimbo mmoja na kufungua ya mwingine. Kwa dakika moja au zaidi nyimbo mbili zinakuwa wimbo wa tatu, ambao haupo kwenye santuri yoyote.

Prodyuza anayejua hayo hutengeneza wimbo kwa ajili ya hayo. Ndiyo maana wimbo wa tekno huanza na ngoma tupu na kuisha na ngoma tupu: ni nafasi aliyoachiwa DJ ya kuunganishia. Ndiyo maana pia kipande kimoja hujirudia dakika tano na kubadilika kidogo kidogo tu. Anayeusikiliza nyumbani peke yake hulalamika kuwa hakuna kinachotokea, na malalamiko yake yana haki. Alichoshika ni tofali, na nyumba hujengwa usiku, ukumbini, na mtu mwingine. Mills alilitambua hili waziwazi hata akafungua lebo ndogo ya Purpose Maker kwa ajili ya santuri za aina hii, za kufanyia kazi. "The Bells", wimbo wake unaojulikana kuliko zote, ulitoka katika mkondo huo katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na hadi leo ma-DJ wanauchomeka katikati ya nyimbo za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka.

Anayetaka kusikia kazi yenyewe ikifanyika atafute rekodi ya Mills katika klabu ya Liquid Room, Tokyo, iliyofanywa mwaka 1995 na kutolewa mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya saa moja anapiga santuri moja baada ya nyingine, nyingi hazidumu dakika mbili. Unasikia sindano ikikwaruza, unasikia mapigo yakiachana kidogo kisha yakikamatana. Mimi naipenda kwa makosa hayo hayo. Rekodi nyingi za siku hizi zimesafishwa na kompyuta hadi huwezi kujua kama kuna mtu nyuma yake.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mills alikuwa katika kundi la Final Cut, kisha akaungana na Mike Banks kuanzisha Underground Resistance, ambalo baadaye Robert Hood alijiunga nalo. Lilikuwa kundi na lebo kwa pamoja, lenye msimamo mkali dhidi ya kampuni kubwa za muziki. Walificha nyuso zao ili muziki usimame peke yake. Kumiliki lebo si pambo katika kazi hii. DJ-prodyuza anayemiliki lebo huamua mwenyewe nini kitoke na lini, na haki za muziki hubaki kwake. Mills alipoondoka kundini alifungua ya kwake, Axis, mwaka 1992, na bado anaiendesha.

Mwaka huo huo albamu yake ya kwanza ya peke yake, Waveform Transmission Vol. 1, ilitolewa na lebo ya klabu ya Tresor ya Berlin. Hapa ndipo Ujerumani inapoingia. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989, na upande wa mashariki ukabaki na majengo mengi yasiyojulikana ni ya nani. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa katika chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, na santuri ya kwanza ya lebo yake ilitoka kwa hao hao watu wa Underground Resistance, wakijiita X-101. Vijana wa Berlin walikuwa na kumbi lakini muziki uliowakolea ulitoka Detroit, na watu wa Detroit walikuwa na muziki ambao redio za kwao hazikuujali. Tangu hapo DJ-prodyuza wa Marekani amekuwa mtu wa ndege: anaishi kwake, anakula kwa kazi ya Ulaya na Japani.

Kuhusu fedha, mambo yamegeuka. Zamani santuri iliyouzwa vizuri ilikuwa kipato chenye maana. Muziki ulipohamia kwenye mafaili na majukwaa ya intaneti, mapato hayo yalinywea, na sasa anayelipwa ni yule anayesimama ukumbini. Wimbo umekuwa kadi ya kujitambulisha: unautoa ili ualikwe. Matokeo yake prodyuza mwenye kipaji lakini asiyependa umati analazimika kusafiri na kupiga, na DJ mwenye jina lakini asiyejua studio hulipa mtu amtengenezee wimbo kimyakimya. Hilo la pili linajulikana sana miongoni mwa wenye kazi, na kwa maoni yangu linaibomoa maana nzima ya DJ-prodyuza.

Mills alichagua njia nyingine ya kuepuka kuzeeka klabuni. Mwaka 2000 alitoa muziki alioutunga kwa filamu ya kimya ya Metropolis ya mwaka 1927. Mwaka 2005 alipiga na okestra ya Montpellier kwenye daraja la kale la Pont du Gard, Ufaransa. Mwaka 2018 alitoa kazi na Tony Allen, mpiga ngoma Mnigeria aliyejenga Afrobeat pamoja na Fela Kuti. Allen kwenye ngoma zake, Mills kwenye 909 na vinanda. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya sanaa mwaka 2007, ikampandisha daraja mwaka 2017.

Swali kama DJ ni mwanamuziki bado linazua ubishi, ila nchini Ujerumani limefika hadi kwa watu wa kodi. Mwaka 2020 mahakama kuu ya kodi ya nchi hiyo ilisema kwamba usiku wa tekno na house (muziki wa kucheza ulio jamaa wa tekno) unaweza kuhesabiwa kuwa tamasha la muziki, mradi muziki wa ma-DJ ndio unaobeba usiku huo. Ukihesabiwa hivyo, kiingilio hutozwa kodi ya asilimia 7 badala ya 19.