Kuvu ya mizizini haisubiri nitrati ibishe hodi

Mara ya kwanza nilipolinganisha sahani tatu za Laccaria bicolor, kuvu inayoishi kwa ushirika na mizizi ya miti, nilidhani nimechanganya lebo. Ya kwanza niliilisha amoniamu, ya pili nitrati, ya tatu sikuipa nitrojeni ya aina yoyote. Baada ya siku chache nilizichuna nyuzi za kuvu, nikazigandisha, nikazisaga kwenye kinu kidogo na kupima RNA (nakala zinazoonyesha jeni inafanya kazi) ya jeni tatu: ya kisafirishi kinachoingiza nitrati, ya kimeng'enya kinachoigeuza nitrati kuwa nitriti, na ya kile kinachoigeuza nitriti kuwa amoniamu. Kwenye amoniamu jeni zilinyamaza. Kwenye nitrati zilikuwa macho, kama nilivyotarajia. Iliyonitoa jasho ni ile sahani yenye njaa: nako jeni zilikuwa kazini, na nitrati haimo. Nikarudia. Jibu likawa lilelile.

Nilishangaa kwa sababu wengi wetu tumelelewa na Aspergillus nidulans. Kwenye ukungu huo mlango wa nitrati una funguo mbili. Protini ya AreA hufanya kazi amoniamu na glutamini (asidi amino inayobeba nitrojeni) zikiadimika. Protini ya pili, NirA, huamka nitrati ikishafika. Zinatakiwa zote mbili, kwa hiyo njaa peke yake haifungui kitu. Laccaria inaridhika na ufunguo wa njaa. Hebeloma cylindrosporum, nayo ya mizizini, ina tabia hiyohiyo.

Kwa nini amoniamu iwe na amri kubwa hivyo? Hesabu ni ya elektroni. Kugeuza nitrati kuwa nitriti kunagharimu elektroni 2, na kutoka hapo hadi amoniamu nyingine 6. Ukiwa na amoniamu mkononi, gharama hiyo ya nini? Amoniamu ikiingia kwenye seli huungwa na glutamati ikawa glutamini, na wingi wa glutamini ndio kipimo cha shibe. Yaani uzi wa kuvu hauulizi udongoni kuna nini. Unaangalia tumbo lake.

Wapo watakaosema Laccaria imepoteza tu ufunguo wa pili. Mimi sioni hasara hapo. Nitrati ina chaji hasi, udongo wa mfinyanzi nao vilevile, kwa hiyo haishikwi na chembe za udongo na maji huisomba upesi. Kuvu inayoanza kuunda vifaa baada ya nitrati kufika itakuta imeshapita. (Nakiri hii ni dhana yangu, haijathibitika.)

Jenomu ya Laccaria, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2008: herufi milioni 65 hivi, jeni kama 20,000. Katika msitu wote huo, hizi jeni tatu zimekaa pamoja kama watoto wa nyumba moja.

Na mti je? Mwaka 2009 watafiti walitumia RNA kuizima jeni ya kimeng'enya cha kwanza, kile cha nitrati, kisha wakaikutanisha kuvu hiyo na mche wa mpopla mahali ambapo nitrojeni iliyokuwepo ni nitrati. Ushirika ulidorora vibaya. Kuvu isiyoweza kuishika nitrati ilishindwa hata kuuvika mzizi joho lake sawasawa.

Siku hizi, kabla ya kupima chochote, nazisuuza nyuzi mara tatu. Tone la amoniamu lililosalia kwenye sahani linatosha kuzinyamazisha jeni zote, nawe ukaandika kwenye daftari kwamba kuvu yako haina haja na nitrati.