Mama, si ile chai ilimpa mtoto sukari

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki hapa kliniki ya sukari ya watoto Kisumu, na huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, mama ameshika sindano ya kwanza ya insulini hajui aanzie wapi. "Daktari, ni mimi? Ni ile chai nilikuwa namwekea sukari mingi?" Saa zingine dani, yaani nyanya ya mtoto, amekaa hapo kando ananyamaza, na unajua tu nyumbani maneno yalishasemwa.

Mama, si wewe, na nataka kueleza hii kitu vizuri kwa sababu wazazi wanabeba lawama ambayo si yao.

Sukari ya aina ya kwanza, ile inashika watoto wengi, inaanza wakati kinga ya mwili imekosea adui. Badala ya kupigana na vidudu inageukia zile seli za kongosho, kile kiungo kiko nyuma ya tumbo, zinazotengeneza insulini, inazimaliza pole pole kwa miezi, hata miaka, na mtoto wakati huo wote anacheza mpira na wenzake kama kawaida. Insulini ndio inatoa sukari kwa damu iingie mwilini ifanye kazi. Ikiisha, sukari inajaa kwa damu, inatoka na mkojo, na mtoto anakonda ilhali anakula. Miwa ya Muhoroni haianzishi hiyo vita, wala andazi, wala chai.

Sasa nini inaanzisha? Damu ya ukoo ina mchango, lakini haitoshi peke yake, maana unaweza kuwa na mapacha wa kufanana kabisa mmoja augue na mwingine akae miaka na miaka mzima. Alafu angalia kule Finland, nchi inayoongoza duniani kwa hii sukari ya watoto. Watafiti walilinganisha watoto wa Finland na wale wa Karelia, ng'ambo ya mpaka upande wa Urusi, watu ambao jeni zao zinakaribiana sana, na wakapata wa Finland wanaugua karibu mara 6 zaidi. Jeni ni zile zile, maisha ndio tofauti. Wazo moja ni kwamba kinga ya mtoto ambaye amekua bila kukutana na vidudu vingi haijifunzi vizuri nani ni adui. Tafadhali mtu asitoke hapa akasema basi tuache kunawa mikono, sisi wa kando ya ziwa tunajua kipindupindu na kuhara vinafanyia watoto nini.

Mshukiwa mkubwa zaidi ni virusi. Kuna utafiti ulianza 2004 Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani, wakafuata watoto zaidi ya 8,000 tangu wakiwa wachanga, wakikusanya hadi choo chao, na 2019 wakaripoti kwamba mtoto aliyekaa na aina fulani ya enterovirusi kwa muda mrefu tumboni ndio alikuwa na hatari zaidi ya kinga yake kuanza kushambulia kongosho. Rubela nayo tunaijua kitambo, mama akiipata mimba ikiwa changa mtoto anaweza kuzaliwa na shida ya moyo, macho, masikio, na baadaye sukari. Hiyo ina chanjo, Kenya tunachanja surua na rubela pamoja tangu 2016, so ukisikia mtu sokoni Kibuye akisema chanjo ndio inaletea watoto sukari, mwambie ni kinyume.

Maziwa ya ng'ombe pia yalishtakiwa miaka mingi. Wakajaribu maziwa maalum, ambayo protini ya ng'ombe imevunjwa vipande vidogo vidogo, kwa watoto wachanga zaidi ya 2,000 katika nchi 15, matokeo yakatoka 2018, hakuna tofauti. Mtoto akifika umri wake mpe maziwa.

Lakini mimi siamini kila jibu la Ulaya litatutosha. 2025 ulitoka utafiti wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, wakakuta vijana wengi wanaotibiwa kama wa aina ya kwanza hawana hata zile alama za kinga kushambulia kongosho. Yaani njia ya kufika kwa hii sukari huku kwetu si moja, na ndio maana nasema lazima mazingira yetu yachunguzwe hapa hapa.

Ile ya aina ya pili ni hadithi ingine. Hiyo ndio inafuata uzito na kukaa bila kucheza, na siku hizi tunaiona hata kwa matineja, na soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya sukari. Hapo ndio punguzeni.

Sasa kitu kinaniumiza. Huku kwetu mtoto akishikwa na homa, anatapika, amelegea, kila mtu anasema malaria. Tumbo likiuma ni taifodi. Akipumua haraka haraka ni nimonia. Sukari iliyopanda sana inafanana na hizo zote. Nimepokea mtoto aliyezungushwa siku nne, kemisti, alafu kituo kidogo cha afya, akawekewa dripu ya glukosi ati apate nguvu, yaani sukari juu ya sukari, na hakuna mtu alikuwa amemdunga kidole. Alifika hajitambui. Kupima ni tone moja la damu na dakika moja.

Kwa hivyo mama, baba, dani, mwalimu wa nasari: mtoto akianza kumaliza jagi la maji usiku, akikojoa kila saa, akirudia kukojoa kitandani na alikuwa ameacha, sisimizi wakikusanyika pale alipokojoa, nguo zikimpwaya, omba apimwe sukari hata kama malaria imeonekana, maana zinaweza kuwa mbili. Ikisoma 11.1 (mmol/L) kwenda juu na ana hizo dalili, ama mashine iandike HI, yaani sukari imepita kipimo chake, ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Na akiwa anapumua kwa nguvu na mdomo unanuka kama tunda lililoiva sana, usingoje asubuhi, tafuta gari usiku huo.