Kutuma kazi si kuteuliwa: zijue Tuzo za Pulitzer

Kijana mmoja aliyemaliza masomo kwetu aliniletea wasifu wake niupitie kabla hajautuma kuombea kazi. Chini ya jina, kwa herufi nzito, alikuwa ameandika: "Aliteuliwa kuwania Tuzo ya Pulitzer." Hizo ni tuzo za Marekani za uandishi wa habari, vitabu, tamthilia na muziki. Nikamuuliza ilikuwaje. Akanieleza kwamba alishiriki kuandika habari iliyotoka kwenye tovuti moja ya Marekani, mhariri akaituma kwa waandaaji, ada ikalipwa, risiti ikaja kwa barua pepe. Basi. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alidhani kutuma ndiko kuteuliwa. Mimi hufundisha uandishi wa habari, na kosa hili nalikuta kwenye wasifu, kwenye majalada ya vitabu, hata kwenye utambulisho wa wageni redioni.

Chombo chochote cha habari cha Marekani kinachotimiza masharti kinaweza kutuma kazi, na kila mwaka kazi za uandishi wa habari pekee hupindukia 1,000. Aliyetuma ni mshiriki tu. Majopo ya majaji, ambao ni wahariri, waandishi, wasomi na wasanii, husoma na kubakiza kazi tatu katika kila kundi, bila kusema ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Hizo tatu hupelekwa kwa Bodi ya Pulitzer, inayosimamia tuzo, na bodi ndiyo hupiga kura kumpata mshindi. Tangu 1980 majina ya walioingia tatu bora hutangazwa pamoja na ya washindi. Kama jina halimo kwenye orodha hiyo, hakuna uteuzi wa kuzungumzia.

Watu wengi pia hawajui kwamba majaji hawatoi tuzo, hupendekeza tu. Bodi inaweza kuhamisha kazi kutoka kundi moja kwenda jingine, na kwa kura za robo tatu ya wajumbe inaweza hata kuchagua kazi ambayo jopo halikuipendekeza. Inaweza pia kukataa kutoa. Mwaka 2012 riwaya tatu zilifika mezani, hakuna iliyopata kura za kutosha, na kundi la riwaya likakosa mshindi. Wachapishaji walikasirika sana. Kwa maoni yangu, tuzo inayothubutu kunyima ina uzito kuliko ile ambayo lazima mtu aondoke nayo.

Chanzo chake ni Joseph Pulitzer, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1847 na kuingia Marekani akiwa kijana wa miaka 17, kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. (Jina hutamkwa "Pulitsa".) Alitajirika kwa magazeti, na tusifiche kitu: gazeti lake la New York World, katika kushindana na lile la William Randolph Hearst, lilikuza mambo na kupiga chumvi ili liuzike. Mtu huyohuyo ndiye aliyeacha wosia wa fedha kwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ili kianzishwe chuo cha uandishi wa habari na zitolewe tuzo. Alifariki 1911, chuo kikafunguliwa 1912, na tuzo za kwanza zikatolewa 1917. Vitabu na tamthilia vilikuwemo tangu kwenye wosia. Muziki uliingia 1943.

Kukabidhiwa chuo kikuu kuna maana yake. Mwenye gazeti akitoa tuzo yeye mwenyewe, nani atamwamini? Hata hivyo Columbia nayo ilipitia mtihani. Mwaka 1972, tuzo zilipokwenda kwa habari zilizofichua nyaraka za siri za serikali kuhusu vita vya Vietnam, wadhamini wa chuo walisema wazi kwamba wangekuwa wao peke yao, baadhi ya washindi wasingechaguliwa. Lakini tuzo zilitolewa.

Heshima ya juu kabisa haina hundi. Washindi wengi hupewa cheti na dola 15,000, ila tuzo ya utumishi kwa umma ni medali ya dhahabu, na hupewa chombo cha habari, si mtu mmoja. Upande mmoja pana sura ya Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Upande wa pili kuna mpiga chapa kifua wazi, ameinamia mtambo, shati lake limetundikwa mwisho wa mtambo huohuo. Huwa nawaonyesha wanafunzi picha ya shati hilo kabla sijawaambia lolote kuhusu fedha.

Je, mtu wa kwetu anaweza kushinda? Katika uandishi wa habari, ndiyo: kinachoangaliwa ni chombo kuwa cha Marekani, uraia wa mwandishi hauulizwi. Tuzo ya picha za matukio ya mwaka 1999 ilikwenda kwa wapiga picha wa AP, shirika la habari la Marekani, kwa picha za mabomu ya Agosti 7, 1998, kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na katika kikosi hicho walikuwemo Sayyid Azim na Khalil Senosi wa Nairobi. Mwaka 2005 Dele Olojede, mzaliwa wa Nigeria, alishinda kupitia gazeti la Newsday kwa habari za Rwanda miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari.

Vitabu vina mlango mwembamba zaidi. Tangu tuzo za 2025, mkazi wa kudumu wa Marekani anaruhusiwa hata kama si raia, na hiyo ni habari njema kwa waandishi wetu wengi walioko huko. Lakini kitabu lazima kiwe kimetoka kwa mara ya kwanza Marekani, kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili haiingii, hata ikitafsiriwa vizuri namna gani, na hilo linaniuma.

Kwa wanaoripotia vyombo vya Marekani kutoka huku: kazi zinazopimwa ni za Januari hadi Desemba, na dirisha la uandishi wa habari hufungwa mwishoni mwa Januari inayofuata. Mwambie mhariri wako mapema, na hakikisha jina lako limeandikwa kwenye fomu pamoja na ya wenzako waliokaa ofisini. Yule kijana aliufuta ule mstari, akaweka kichwa cha habari aliyoiandika na tarehe iliyotoka.