Shule za mkataba Marekani: jedwali la wanafunzi na yanayosomwa visivyo

Ukitafutia mtoto shule ya darasa la 6 hadi la 8 Marekani, kila shule ya umma ina jedwali lake: wanafunzi wangapi, wa rangi gani, wangapi wanajifunza Kiingereza, wangapi wanakula bure. Shule za mkataba, zile ziitwazo charter, ndizo majedwali yake husomwa vibaya zaidi. Haya ndiyo husemwa mara nyingi.

"Hizo ni za binafsi, zina ada." Hapana. Zinaendeshwa kwa kodi na hazitozi ada. Kila moja husimamiwa kwa mkataba, na ikivurunda, mkataba huo unaweza kufutwa. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa jimbo la Minnesota mwaka 1991. Mwaka uliofuata City Academy, shule ya kwanza ya aina hii, ikafunguliwa mjini St. Paul, jimboni humo.

"Huchagua wenye akili." Waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida hupigwa bahati nasibu. Lakini bahati nasibu humhusu aliyeomba tu. Mama anayefanya kazi zamu ya usiku, au mkimbizi kutoka Kongo ambaye hajaambiwa fomu zinafungwa lini, mwanawe hata hayumo kwenye orodha. Shule inaweza isimkatae mtu na bado isifanane na mtaa wake. Ndiyo maana mimi huilinganisha na shule jirani, wala si na wastani wa jimbo.

"Asilimia 100 wanakula bure, basi wote maskini." Hapa hukosea hata waandishi wa habari. Zamani kila familia ilijaza fomu ya kipato. Sheria ya mwaka 2010 ikaleta utaratibu mwingine: wanafunzi wa kutosha wakiwa wameshatambuliwa kupitia misaada ya serikali, kama ule wa chakula, shule yaweza kulisha wote bila fomu. Kiwango kilikuwa asilimia 40. Mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. Baadhi ya majimbo huwahesabu wote wa shule hiyo kuwa wanastahili chakula cha bure, mtoto wa daktari akiwemo. Uliza wangapi wametambuliwa moja kwa moja.

"Asilimia ya Weusi inatosha kunionyesha wanafunzi ni nani." Safu hiyo moja humweka pamoja Mmarekani Mweusi wa vizazi vingi, Msomali na Mkongomani aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wa Unguja mwenye asili ya Oman anaweza kuwa Mweusi, Mweupe au mchanganyiko, kutegemea mzazi alivyojaza.

"Wanaojifunza Kiingereza wamepungua, shule inawafukuza." Labda, ila si lazima. Anayefaulu mtihani wa lugha hutolewa kwenye hesabu hiyo ingawa bado yumo darasani na nyumbani bado anaongea Kiswahili. Tena shule hizi nyingi ni ndogo: penye wanafunzi 300, ndugu watatu wakihama asilimia moja imeondoka.

Hesabu ya kila darasa ndiyo ningeitazama kwa makini zaidi. Darasa la 6 likiwa kubwa na la 8 dogo, huenda wanafunzi wamehama, au shule imekua na kupokea wengi mwaka huu, au haijazi nafasi zinazoachwa katikati. Jedwali halisemi ni ipi. Muulize msajili: mtoto akiondoka darasa la 7, nafasi yake hupewa nani?