Unaogopa nini kuvaa kimono? Dhana potofu za msafiri wa Kyoto

Rafiki yeyote anayepanga safari ya Japani, akishamaliza kuniuliza habari za viza na nauli, lazima aje na hili: "Na kimono je, sisi tunaruhusiwa kuvaa?" Hapo sauti inashuka kidogo, kama mtu anayeulizia jambo la aibu. Nimekivaa mara tatu, mbili Kyoto na moja Asakusa kule Tokyo, na kwa niliyoyaona, woga tunao ila tumeuweka pasipo pake. Yasiyo na neno ndiyo yanayotunyima usingizi, na yenye neno tunayapita huku tunapiga picha.

Lugha kidogo kabla sijaendelea. Kwa Kijapani "kimono", lile vazi lao refu la asili la kufungwa kwa mkanda, maana yake ni kitu cha kuvaa, basi. Kwetu neno limejiingiza lenyewe kwenye ngeli ya KI-VI bila kukaribishwa, kwa hiyo nitasema kimono na vimono, walimu wa sarufi mnisamehe.

"Wajapani watachukia wakimwona mgeni amevaa"

Hili ndilo linalowatesa wengi, na halikuanzia Japani. Limetoka kwenye mabishano ya Marekani. Mwaka 2015 jumba la sanaa la Museum of Fine Arts mjini Boston liliwaalika wageni wajaribu kimono mbele ya mchoro wa Mfaransa Claude Monet unaomwonyesha mkewe, Camille, naye akiwa ndani ya kimono. Waandamanaji wakaja na mabango kwamba huko ni kuuchezea utamaduni wa watu, jumba likafuta zoezi la kuvaa. Ambalo halikusambaa sana ni kwamba wapo Wajapani waliokuja pale wamevaa vimono vyao, kuwapinga waandamanaji.

Linganisha na 2019. Kim Kardashian, nyota wa runinga wa Marekani, alipotangaza nguo za ndani kwa jina la "Kimono" na kutaka kulisajili kama alama ya biashara, aliyemwandikia barua kumwomba afikirie upya alikuwa meya wa Kyoto wa wakati huo, Daisaku Kadokawa, mtu ambaye ofisini kwenyewe alizoeleka kuonekana na kimono. Jina likabadilishwa, likawa Skims. Hapo utaona kidonda kilipo. Kulimiliki jina kuliwauma, lakini mgeni kujifunga vazi na kwenda hekaluni hakukumsumbua meya.

Maduka ya kukodisha yamejaa kuanzia stesheni ya Kyoto hadi njia za kupandia hekalu la Kiyomizu-dera, na wateja wake si wageni watupu. Utawakuta wasichana wa Kijapani wamekuja na wenzao kutoka miji mingine, nao wanavalishwa kama wewe, kwa sababu Wajapani wengi wa leo hawajui kujivalisha kimono. Ufundi huo una shule zake na watu wanalipa ada. Mtu hukivaa harusini, au kwenye sherehe ya utu uzima Jumatatu ya pili ya Januari, kisha kinarudi kabatini. Mvaaji yeyote, hata wa kutoka Tanga, ni riziki kwa anayeshona na anayefunga.

Fikiria mgeni aliyejifunga leso Lamu. Akiifunga vibaya, mama mmoja atamvuta pembeni amrekebishie, na hapo hapo urafiki umeanza. Tena habari za nguo kati yetu na Wajapani si za jana: leso nyingi walizojifunga bibi zetu katikati ya karne iliyopita, na misemo yake ya Kiswahili pindoni, zilichapwa Japani.

"Kimono ni cha wembamba"

Nilikwenda na hofu hii na ikanivuka ndani ya dakika kumi. Mama aliyenivalisha alikuwa na umri wa shangazi yangu, mdomoni amebana klipu. Alinitazama kiunoni, akatikisa kichwa, akaenda kuleta taulo. Nikadhani anataka nioge. Kumbe alilikunja mara tatu, akanizungushia kiunoni, akaongeza na la pili, dogo, kwa nyuma juu ya makalio. Mimi nina umbo la kwetu, la kiuno kuingia ndani, na kwa kimono hilo ndilo kasoro! Kinataka mwili unyooke kama mtungi usio na shingo, ili mkanda mpana, obi, ukae bila kukunjika. Mwembamba mwenye kiuno cha nyigu ndiye anayejazwa mataulo mengi zaidi.

Halafu zikaja kamba. Ya kwanza aliivuta kama mpagazi anayefunga gunia la mkaa. Kitambaa kilichozidi urefu akakipandisha juu ya kamba na kukilaza, kikawa mkunjo mmoja safi chini ya obi. Mkunjo huo unaitwa ohashori, na ndio unaofanya kimono kimoja kimfae mfupi na mrefu. Hakuna kifungo, hakuna zipu. Kimono cha mtu mzima hukatwa kutoka kwenye jora moja lenye upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi, vipande vyote vimenyooka, hakuna kinachokatwa kufuata titi wala nyonga. Ukubwa unapatikana kwenye kufunga.

Mwanamume ndiye wa kujihadhari, na wanaume ndio wasioonywa. Kimono chake hakina ohashori, kwa hiyo urefu lazima ulingane. Mwenye mita 1.90 apige simu dukani kabla ya kwenda. Awaulize na viatu pia. Zori, zile ndara zao, na geta, zile za mbao ambazo aliyekulia pwani atazitambua mara moja kuwa binamu wa mitalawanda, mara nyingi ni za miguu midogo. Kisigino kikitokeza nyuma sentimita moja au mbili usione aibu, ndivyo zinavyovaliwa.

"Upande wowote ukiwa juu ni sawa"

Si sawa. Upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia, kwa mwanamke na kwa mwanamume, na imekuwa hivyo tangu amri ya ikulu ya mwaka 719. Kulia juu ya kushoto ni kwa maiti anayeandaliwa mazishi. Kwetu ingekuwa kama kutoka matembezini umejizungushia sanda. Dukani hawawezi kukosea, ila yukata ya hotelini, kile kimono chepesi cha pamba, unajifunga mwenyewe, na huko ndiko wageni wanakotembea wamekufa bila habari. Njia rahisi ya kukumbuka: mkono wako wa kulia uweze kuteleza na kuingia kifuani bila kizuizi.

"Ukivaa kimono umevaa kama geisha"

Kimono huvaliwa na bibi anayekwenda msibani, bwana harusi na mtoto wa miaka mitatu anayepelekwa kuombewa. Geisha ni mwanamke mwenye kazi ya kutumbuiza wageni kwa muziki na ngoma; kumwita kila mwenye kimono geisha ni kama kumwita kila mwenye kanzu kadhi. Kyoto wenyewe husema geiko, na anayejifunza kazi ni maiko. Maiko utamjua kwa obi inayoning'inia nyuma karibu kufika vifundoni na viatu vya mbao virefu. Hata hivyo, ukimwona "maiko" mchana kweupe amepakwa uso mweupe na anasimama kila kona apigwe picha, kuna uwezekano mkubwa ni mtalii mwenzako aliyelipia kupambwa. Maiko wa kweli ana haraka, anakwenda kazini.

Hapa ndipo woga unapotakiwa, na ndipo watu hawana hata chembe. Mtaa wa Gion, wanakofanyia kazi wanawake hao, ulichoka na wageni wanaowakimbilia, kuwazibia njia na hata kuwavuta mikono ya vazi wapate picha. Mwaka 2024 wakazi wakafunga vichochoro vyao vya binafsi kwa watalii, na mabango yakataja faini ya yeni 10,000. Njia kuu, Hanamikoji, bado ni ya watu wote. Umevaa kimono chako vizuri, umependeza, kisha unaingia kwenye uchochoro wa watu na simu mkononi: hicho ndicho kinachomkera mwenye mji.

"Yukata na kimono ni kitu kimoja"

Yukata ni ya pamba, nyepesi, haina vazi la ndani lenye kola, na asili yake ni nguo ya kuogea. Ni ya kiangazi, ya fataki na sherehe za mitaani, huvaliwa na geta bila soksi. Kyoto mwezi wa Agosti, joto likiwa digrii 35 na ushee, kodi yukata na usijifanye shujaa.

Ile unayokuta kitandani kwenye nyumba za wageni za kienyeji ni ya kulalia na kwendea bafuni. Kwenye miji ya chemchemi za moto kama Kinosaki wageni huzunguka nayo barabarani usiku, geta zikilia kwa-kwa-kwa, kutoka bafu moja la umma hadi jingine, na ndiyo raha ya mji ule. Ukishuka nayo mapokezi katika hoteli ya kawaida ya Tokyo, umeshuka na nguo ya kulalia.

"Hakiendi na hijabu"

Kinakwenda. Mikono mirefu, pindo hadi vifundoni. Dada zetu wa Malaysia na Indonesia wanapiga nacho picha Asakusa kila siku. Kola huvutwa nyuma ili kisogo kionekane, hijabu inafunika hapo, mambo yameisha. Mwenye misuko naye aibane juu kabla ya kufika, maana msusi wa dukani anaweza asijue pa kuanzia.

"Humo ndani hutembei, huli, huendi chooni"

Unatembea, kwa hatua fupi. Kwenye ngazi inua pindo la mbele kwa mkono wa kulia. Ngazi za Sannenzaka, njia ya kupandia Kiyomizu-dera, zinavumilika. Kupanda hadi kilele cha mlima wa hekalu la Fushimi Inari, mita 233, ukiwa na zori ni kujitafutia malengelenge, mimi niliishia kwenye malango mekundu ya chini nikarudi. Kwenye kiti kaa ukingoni, usiegemee, utaponda fundo la obi. Chooni tafuta cha kukalia, ukunjue tabaka moja moja kuanzia la nje, uyapandishe na kuyabana juu kwa vibanio vya kuanikia nguo. Beba viwili. Utanikumbuka.

"Ni hariri, ni ghali"

Vingi vya kukodi ni poliesta, vinafuliwa na kurudi kazini kesho yake. Seti ya kawaida kwa siku ni kama yeni 3,000 hadi 6,000; nywele huongezewa bei, na furisode, kile cha wasichana ambao hawajaolewa chenye mikono inayoning'inia karibu mita moja, ni bei nyingine kabisa.

Kinachouma ni saa. Duka nililokwenda mara ya pili lilitaka vazi lirudi saa kumi na moja jioni, maandishi madogo nyuma ya risiti, na jua zuri la picha pale Yasaka, hapo hapo Kyoto, linakuja muda huo huo. Nilifika dakika ishirini baadaye nikinyata kwa hatua za sentimita thelathini. Nikatozwa. Binti wa kaunta aliomba radhi mara nne huku anapokea hela. Nyuma ya pazia zikafunguliwa kamba moja baada ya nyingine, tumbo likashuka, na lile taulo likatoka la moto, likatupwa kwenye tenga la kufuliwa pamoja na ya wenzangu wote wa siku ile.